Ukiacha katikati, nani anaumia?



Juma hili hatutazungumza juu ya bei ya unga wala juu ya kikohozi cha watoto. Tutazungumza juu ya mchezo. Wengine watauliza: ukurasa wa jamaa na mchezo wa Wamarekani vinakutana wapi? Mtuvumilie. Mchezo huu umetufundisha juu ya likelemba yetu jambo ambalo mikutano mingi haikutufundisha.

Mwenzetu mmoja wa kikundi ana binti Louisville, mji wa jimbo la Kentucky huko Marekani. Binti huyo aliolewa Uvira, akakimbia na jamaa ya mume wake hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na kutoka huko wakapelekwa Amerika. Wakongomani wengi wamefika Louisville kwa njia hiyo, hata kanisani huko utasikia Kiswahili. Lakini kazini kwake, kwenye ghala la mizigo, alikuwa Mkongomani peke yake katika zamu yake. Alimwambia mama yake kwamba wakati wa kula anakaa pembeni na simu yake, kwa sababu wenzake wanazungumza mambo asiyoyaelewa. Walikuwa wakizungumza besiboli.

Mwezi wa tatu mwaka 2023, mama mmoja wa makamo wa pale kazini alimwita. Akamwambia: mtu mmoja ametoka kwenye ligi yetu, tumebaki tisa, tunahitaji wa kumi, ingia. Mchango ni dola 25. Binti alimtumia mama yake sauti kwa WhatsApp kuomba shauri, na mama yake akaileta kwenye mkutano wetu wa siku ya posho. Ndivyo sisi wamama wa Bukavu, ambao hatujawahi kushika gongo la besiboli, tulivyoingia msimu ule pamoja naye.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza besiboli, kwa ufupi. Timu ni mbili. Mrushaji wa timu moja anarusha mpira, mpigaji wa timu nyingine anaupiga kwa gongo na kukimbia. Viko vituo vinne, na cha nne ni pale alipoanzia; wanapaita nyumbani. Akizunguka vyote akarudi nyumbani, timu yake inahesabiwa moja. Akiupiga mpira ukaruka nje ya uwanja, anazunguka bila haraka. Tena mkimbiaji anaweza kumvizia mrushaji na kukimbilia kituo kinachofuata. Hiyo wanaiita kuiba kituo, na wizi huo si dhambi. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, tangu mwisho wa mwezi wa tatu hadi kuingia mwezi wa kumi.

Sasa ligi ya marafiki. Hapo hakuna anayeshika mpira. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali na kuwaandika kwenye orodha yake, na orodha hiyo ndiyo timu yake. Mchezaji akifanya vizuri uwanjani leo, aliyemwandika anapata hesabu. Mchezaji mmoja hawezi kuandikwa na watu wawili katika ligi moja. Sisi tuliipa jina ligi ya karatasi, ingawa siku hizi inachezwa kwa simu.

Mwanzoni karatasi ilikuwa karatasi kweli. Ligi ya namna hii ilianza mwaka 1980 kwa mwandishi wa habari Daniel Okrent na rafiki zake wa New York. Walikuwa wakikutana kula katika mkahawa ulioitwa La Rôtisserie Française, na ndiyo sababu hadi leo aina ile ya ligi inaitwa Rotisserie. Miongoni mwa wenye timu wa kwanza alikuwamo mwanamke, Valerie Salembier, mtu wa kazi ya majarida. Walinunua wachezaji kwa mnada. Sheria iliyozoeleka tangu zamani hizo ni dola 260 za kuwazia kwa wachezaji 23. Hesabu walizifanya kwa mkono kutoka kwenye magazeti. Na Okrent, aliyetunga sheria zote hizo, hajawahi kushinda ligi yake mwenyewe. Hilo lilituchekesha sana. Mmoja wetu akasema: aliyeanzisha likelemba si lazima ale wa kwanza.

JE, NI KAMARI?

Hili lilitugawanya. Mama mmoja kati yetu ana kijana aliyeuza simu yake, kisha redio ya nyumbani, kisha godoro, yote juu ya pari za mechi za Ulaya. Akasema: hapana, msimwingize mtoto wa watu katika mambo hayo. Hatukumbishia haraka, kwa sababu tunajua alichokipitia.

Tulikaa tukalinganisha. Katika pari, unacheza na mwenye kibanda, na mwenye kibanda anachukua sehemu yake siku zote. Ukipoteza leo, unarudi kesho kutafuta ulichopoteza. Hakuna anayekuambia imetosha. Katika ligi ile, mchango ulikuwa mmoja tu, dola 25 za mwaka mzima. Watu kumi, dola 250. Mshindi angepata 150, wa pili 50, na 50 zilizobaki zingenunua chakula cha kufunga msimu. Hakuna aliyeruhusiwa kuongeza hata franga moja katikati.

Hata hivyo tulimpa masharti matatu. La kwanza, fedha isitoke kwenye chakula cha watoto. La pili, mume wake ajue. La tatu, siku mtu atakaposema "tuongeze kidogo", atoke. Mama wa yule kijana akasema: kwa masharti hayo, sawa, lakini nitasikiliza kila juma. Na kweli alisikiliza kuliko sisi wote.

MNADA NA MWEZI WA KWANZA

Mnada ulifanyika siku chache kabla ya mechi za kwanza za tarehe 30 mwezi wa tatu. Louisville wako nyuma yetu saa sita wakati huo wa mwaka, kwa hiyo sauti zake zilitufikia usiku na tulizisikiliza asubuhi.

Binti yetu hakuwajua wachezaji. Alishika jina kubwa: Jacob deGrom, mrushaji aliyewahi kupata mara mbili tuzo ya mrushaji bora, na ambaye timu ya Texas Rangers ilikuwa imetoka kumpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 185. Alimnunua kwa bei kali na akabaki na kidogo. Katika kile kidogo alimpata kijana wa Arizona Diamondbacks, Corbin Carroll, kwa sababu mtu mmoja alimwambia kwamba kijana huyo ana mbio. Mwaka ule mbio zilikuwa na thamani. Sheria za ligi kuu zilibadilishwa: mrushaji alipewa saa ya kumharakisha, na vituo vikafanywa vikubwa zaidi, kwa hiyo wezi wa vituo walipata nafasi.

Tarehe 28 mwezi wa nne deGrom aliacha mechi kwa maumivu ya mkono. Alikuwa amecheza mechi sita tu. Mwezi wa sita akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, na msimu wake ukawa umekwisha. Hebu fikirini: umetumia fedha ya shule ya mwaka mzima kununua mbuzi mmoja, naye anakufa kabla ya kuzaa. Binti alitutumia sauti fupi sana siku ile.

MABADILISHANO

Ndipo akaja kaka mmoja wa ligi, mtu wa maneno matamu. Akamwambia: pole, dada, umepoteza mrushaji, mimi nina Sandy Alcantara, aliyekuwa mrushaji bora wa upande wa National League mwaka uliopita, 2022. Nipe yule kijana wa mbio, chukua Alcantara. Binti akaona jina kubwa tena. Akakubali.

Lakini kaka yule alikuwa akitazama mechi za mwaka ule, na binti yetu alikuwa akitazama tuzo za mwaka uliopita. Alcantara wa 2023 hakuwa yule wa 2022. Alipigwa mara nyingi, mwisho akaumia, na mwezi wa kumi naye akafanyiwa upasuaji. Na yule kijana wa mbio? Corbin Carroll alimaliza msimu akiwa amepiga mipira 25 nje ya uwanja na kuiba vituo 54, akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa upande wake.

Kilichomuumiza binti yetu si kubadilishana kwenyewe. Sheria ya ligi yao iliwapa wengine haki ya kupiga kura na kuzuia mabadilishano yasiyo ya haki. Watu wanane waliyaona yale. Hakuna aliyeinua mkono. Alituambia: "Nilifikiri nimeingia kati ya marafiki. Kumbe niliingia sokoni na kila mtu akaangalia pembeni nikipunjwa."

Hapo mkutano wetu ulinyamaza kidogo. Maana sisi pia tumewahi kuangalia pembeni. Mama mpya anaingia kikundi, anapangiwa zamu ya mwisho, anauziwa kitambaa kwa bei ambayo sisi wenyeji hatulipi, na tunasema moyoni: atajifunza. Ndiyo, atajifunza. Lakini atajifunza nini juu yetu?

KIJANA WA LOUISVILLE

Mwezi wa tano mambo yalibadilika kidogo. Louisville ni mji wa besiboli kwa namna yake. Huko ndiko yanakotengenezwa magongo ya Louisville Slugger, na mbele ya makumbusho yake limesimamishwa gongo refu kama nyumba ya ghorofa kumi, mita 36 na zaidi. Ligi kuu haina timu pale, lakini ipo timu ya daraja la chini, Louisville Bats, inayolea vijana wa Cincinnati Reds. Yule mama wa makamo alimpeleka binti yetu uwanjani pamoja na watoto wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona besiboli kwa macho.

Huko alimwona kijana mrefu, mwembamba, wa Jamhuri ya Dominika, Elly De La Cruz. Alitueleza: "Mama, anakimbia kama mtu anayekimbiza gari la mwisho la kwenda Uvira." Hakuna mtu wa ligi aliyekuwa amemwandika, kwa sababu alikuwa bado hajaitwa ligi kuu. Binti akamwandika usiku uleule.

Tarehe 6 mwezi wa sita Cincinnati wakamwita kijana yule. Alikuwa na miaka 21. Tarehe 23 mwezi uleule alifanya katika mechi moja jambo ambalo wapigaji wengi hawalifanyi maisha yao yote: pigo la kituo kimoja, la viwili, la vitatu, na la nje ya uwanja. Tarehe 8 mwezi wa saba aliiba kituo cha pili, cha tatu, na cha nyumbani, vyote katika zamu moja, mrushaji akiwa amerusha mipira miwili tu. Siku ile sauti ya binti yetu ilikuwa kelele na kicheko tu, na nyuma yake tulisikia watu wengine wanacheka. Mama yake alizima simu, akasema polepole: "Anacheka na watu."

Kwa sisi hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko vituo vitatu.

"MAMA, NAIACHA"

Lakini mchezaji mmoja hajengi timu. Kijana yule naye baadaye alipungua, warushaji walipokwisha kumsoma. Katikati ya mwezi wa saba binti yetu alikuwa wa tisa kati ya kumi. Kuingia wanne wa mwisho ilikuwa karibu haiwezekani. Kila asubuhi kabla ya kazi ilimbidi afungue simu, atazame nani anacheza leo, nani mgonjwa, nani apumzishwe, na watoto wanasubiri chai. Mwezi wa nane ukiwa umeanza akatuma sauti: "Mama, naiacha. Fedha yangu nimekwisha kuitoa. Sitamwambia mtu, nitaacha tu kuifungua. Nani ataumia?"

Mama yake hakumjibu nyumbani. Alikuja nalo kwenye mkutano, akauliza swali lilelile: nani ataumia?

Tukamkumbusha mwaka wetu mbaya. Wenye kuwa nasi tangu zamani wanaujua. Tulikuwa wamama 12, kila mmoja dola 10 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anakula 120. Mwenzetu mmoja alikula mwezi wa pili. Mwezi wa tano akaacha kuchanga, bila kusema neno. Tulimsamehe kimya, tukidhani shimo ni la dola 10 tu. Lakini wawili waliokwisha kula wakaona kwamba mtu anaweza kuacha na hakuna linalompata. Nao wakaacha. Mama wa mwisho kwenye orodha, mjane, aliyechanga kila mwezi kwa mwaka mzima, alipokea dola 90. Alikuwa amepanga kununua mabati. Mvua ilimkuta na nyumba nusu.

Aliyeacha hakumwibia mjane mkononi. Hakumwona hata. Aliacha tu. Lakini mjane ndiye aliyelipa.

Katika ligi ya karatasi ni vilevile. Mwenye timu akiiacha, orodha yake inabaki pale kama duka lisilo na muuzaji. Kila anayekutana naye juma hilo anachukua pointi bure. Waliokutana naye mapema, wakati bado anacheza, walitoka jasho. Watakaokutana naye baadaye watakula bila kazi. Mwisho wa msimu anayeshinda si aliyefanya kazi, ni aliyebahatika kwenye ratiba.

Mama yake alishika simu mbele yetu sote, akasema: "Mwanangu, wewe umekwisha kushindwa, hilo tunalijua. Lakini msimu si wako peke yako. Wako watu ambao hesabu yao inapita kwako. Maliza."

Alijibu siku mbili baadaye, neno moja: "Nimesikia."

JUMA LA MWISHO

Ligi yao ilihesabu vipimo kumi kila juma. Vitano ni vya wapigaji: mizunguko iliyokamilika, mipira iliyotoka nje ya uwanja, wakimbiaji walioingizwa nyumbani, vituo vilivyoibwa, na wastani wa kupiga. Vitano ni vya warushaji: mechi walizoshinda, mechi walizozilinda mwishoni, wapigaji waliowatoa kwa kurusha tu, mizunguko waliyoiruhusu, na watu waliowaachia kufika kituoni. Kila kipimo ni pointi moja.

Juma la mwisho kabla ya kuchujwa, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ratiba ilimkutanisha binti yetu na nani? Na yule kaka wa maneno matamu, mwenye Corbin Carroll. Kaka yule alikuwa wa tano. Wa nne, aliyeshika nafasi ya mwisho ya kuingia, alikuwa yule mama wa makamo aliyemwita binti yetu kwenye ligi na kumpeleka uwanjani. Hesabu ilipofanywa, ilionekana kwamba ili ampite mama yule, kaka alihitaji pointi 7 kutoka kwa binti yetu.

Kama angemkuta dukani hakuna mtu, angechukua 7 na zaidi. Lakini binti alifungua simu kila asubuhi. Aliyeumia alimtoa, aliyepumzishwa alimbadilisha. Siku ya Mungu usiku hesabu ilifungwa: kaka 5, binti yetu 4, kipimo kimoja sare.

Alishindwa. Hata juma lile la mwisho alishindwa. Lakini kaka alipata 5, si 7, na yule mama akaingia wanne.

Siku ya kazi iliyofuata mama yule alimkuta kwenye meza ya chakula. Binti anasema hakutoa hotuba. Aliketi kando yake, akamkatia nusu ya keki yake, akasema: "Nilikuwa nikitazama kila asubuhi. Kila asubuhi ulikuwa umekwisha kupanga."

Binti yetu alimaliza wa nane. Yule mama hakutwaa ubingwa, alikuwa wa tatu. Kwenye chakula cha kufunga msimu binti alipeleka fufu na sombe. Wengine waliila kwa woga, wengine waliongeza mara mbili. Na pale mezani, kabla ya kuondoka, wakapiga kura ya sheria mpya: mtu wa mwaka wa kwanza akitaka kubadilishana wachezaji, mabadilishano yangoje siku mbili, na mwenyeji mmoja asiyehusika amweleze kwanza. Kaka wa maneno matamu naye aliinua mkono kukubali. Hatujui moyo wake. Mkono aliuinua.

Katika ligi ya kweli, fainali ya mwaka ule ilikutanisha Texas Rangers na Arizona Diamondbacks. Texas walishinda, bila deGrom wao wa dola milioni 185, aliyekuwa bado anauguza mkono. Mama wa yule kijana wa pari ndiye aliyetuletea habari hiyo. Alisema: "Tazameni, waliopoteza mtu wao wa bei kubwa wamemaliza. Na wamemaliza wa kwanza."

TULICHOKIBADILISHA SISI

Hatukuishia kusikiliza. Mwezi wa kumi na moja tulirekebisha kanuni za likelemba yetu, na tunaziandika hapa ili vikundi vingine vikipenda vizichukue.

Moja: kanuni zinaandikwa na kusomwa kwa sauti kabla ya mchango wa kwanza. Kanuni inayotungwa baada ya tatizo huonekana kama adhabu ya mtu mmoja.

Mbili: anayeshindwa kuchanga aje aseme. Kusema si aibu. Tutamsogeza, tutampunguzia, au tutamtafutia mbadala. Kinachotuua ni kuacha kimya.

Tatu: mama mpya anapewa mwenzake wa kumweleza, asiye na faida katika jambo hilo. Hapangiwi zamu ya mwisho kwa sababu tu hajui kuuliza.

Nne: anayeona mwenzake anapunjwa ana kazi ya kusema. Kunyamaza kwetu wote ni kura pia.

Tano: wa mwisho kwenye orodha ndiye kipimo chetu. Tukimaliza mwaka na wa mwisho amepata sawa na wa kwanza, mwaka ulikuwa mzuri. Asipopata, hatuna cha kusherehekea, hata kama wote wengine wamekula.

Wale wenye AVEC na sanduku la kufuli tatu wanajua kwamba kufuli zinalinda fedha usiku tu. Zamu ya wa mwisho inalindwa na sisi wenyewe.

Kwa wenye vijana wanaocheza pari, tunasema hivi: tusiwapigie kelele tu. Tukae nao tuulize maswali yaleyale matatu. Fedha imetoka wapi? Nani nyumbani anajua? Na kikomo kiko wapi? Mchezo usio na kikomo si mchezo, ni deni lililovaa nguo nzuri. Kijana wa mwenzetu sasa anasafirisha mizigo sokoni Kadutu, na godoro limerudi. Mama yake ametuomba tuliandike.

Mwaka 2024 msimu mwingine ulianza. Binti yetu aliingia tena, na safari hii kulikuwa na mgeni mwingine kazini, msichana kutoka Nepal. Binti ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza kabla ya mnada. Alituuliza amwambie nini. Mama yake alimjibu: mwambie asinunue jina la mwaka jana, na mwambie kwamba siku akitaka kuacha, aje kwako kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani ni wa mwisho kwenye orodha mwaka huu? Anajua kwamba tunamkumbuka?
2. Tumewahi kuona mwenzetu anapunjwa tukanyamaza? Tulinyamaza kwa nini?
3. Mama akishindwa kuchanga mwezi huu, anajua atamwendea nani kusema?

Juma lijalo tutarudi kwenye kikohozi cha watoto, kama tulivyoahidi. Kaeni na amani.